Katekista Aliyenyamaza

Utawani, Mpanda
12 Mei 2024

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo baba, na mama naye mpe shikamoo yangu. Mimi mwanenu Specioza ni mzima. Ninaendelea na mwaka wangu wa pili wa malezi ya unovisi, na mwezi huu nimepangiwa kuku na bustani ya mchicha.

Ninaandika kwa sababu ya jambo moja. Sisi wanovisi haturuhusiwi kuwa na simu, hilo unalijua. Lakini siku ya Pasaka Sista Libérate, mlezi wetu, alitupa yake, kila mmoja dakika kumi aongee na nyumbani. Mama akapokea. Tukasalimiana, nikamwomba anipe wewe. Nikasikia akikuita, nikasikia kiti kikisogea, halafu nikasikia pumzi yako, baba, ninaijua. Nikasema shikamoo, Pasaka njema. Ukanyamaza. Nikasema tena. Simu ikakatika. Nilipopiga mara ya pili mama akasema umetoka, umekwenda shambani. Siku ya Pasaka, saa saba mchana, shambani?

Wenzangu walikuwa wanangoja zamu yao. Nikarudisha simu, nikawaambia baba anawasalimu wote.

Baba, wewe ni katekista wa kigango chetu miaka ishirini na miwili. Padri asipokuwepo wewe ndiye unayeongoza ibada na kuhubiri, na watu husema hata waliokaa nje ya kanisa wanakusikia bila spika. Mtu kama wewe akinyamaza, lazima kuna jambo. Ninajua nilipoacha kazi ya ualimu nije utawani hukufurahi sana. Ulinisindikiza mpaka kwenye basi lakini hukusema mengi. Kama nimekukosea, niambie. Nitavumilia neno lolote kuliko kimya kile.

Ni mimi mwanao,
Specioza


Kasansa
26 Mei 2024

Mwanangu Specioza,

Milele amina. Marahaba. Barua yako nimeipata kwa mkono wa paroko wetu, Padri Ponsian.

Usishangae mwandiko. Nilijikata kidole na mundu tulipoanza kuvuna mpunga, kwa hiyo ninaandika kwa mkono wa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza.

Siku ile ya Pasaka mtandao ulikuwa mbaya. Mimi nilikuwa ninaongea, bila shaka hukunisikia. Baadaye nikaenda kuangalia ndege shambani, maana mwaka huu kwelea kwelea wamekuwa wengi.

Hapa wote ni wazima. Mpunga si haba. Kigango kinaendelea vizuri, na Maiko, katibu wetu, ananisaidia kuongoza ibada, maana vijana nao lazima wajifunze. Mama yako anakusalimu.

Sina hasira na wewe, na hujanikosea. Wewe shika sala, watii walezi wako. Mungu hamwachi mtu wake.

Baba yako,
Sylvanus


Utawani, Mpanda
30 Juni 2024

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Nilisoma barua yako mara tatu, moyo ukatulia. Pole sana na kidole. Mwambie mama akiangalie, asikubali ukifunge na kitambaa cha kufutia baiskeli, ninakujua.

Sasa nina habari kubwa. Tarehe saba Desemba, siku ya Jumamosi, ndiyo siku iliyopangwa ya nadhiri zetu za kwanza. Tuko wanne. Kila mmoja anatakiwa kuandika barua ya kuomba nadhiri na kuiwasilisha kwa Mama Mkuu kabla Septemba haijaisha. Asiyeandika anarudi kwao, na hakuna atakayemlaumu.

Siku yenyewe, kabla ya nadhiri, Mama Mkuu anamsimamisha mzazi wa kila mmoja na kumuuliza mbele ya watu kama anamtoa mwanaye kwa hiari. Mzazi anatakiwa ajibu kwa mdomo wake mwenyewe. Kama baba yupo, ni baba. Wenzangu wanasema baba zao wataona aibu kusimama mbele ya kanisa lililojaa. Mimi ninajivuna tu. Na Sista Libérate, aliposikia wewe ni katekista, akaomba useme maneno machache ya shukrani kwa niaba ya wazazi wote.

Nijibu mapema, baba. Ninataka niandike barua yangu ya kuomba nikiwa tayari na neno lako.

Mwanao,
Specioza


Kasansa
21 Julai 2024

Mwanangu Specioza,

Milele amina. Habari yako ni njema, na tumemshukuru Mungu mimi na mama yako.

Ila tarehe hiyo mimi sitaweza kuja. Desemba mvua zinakuwa zimeanza, ni wakati wa kusia mbegu, na hapa kigangoni tuna shughuli zetu. Atakuja mama yako pamoja na baba yako mdogo Fabiani wa Ikola. Fabiani ni ndugu yangu wa tumbo moja, akijibu yeye ni sawa na mimi nimejibu. Hayo maneno ya shukrani wapewe wazazi wengine, wapo wanaojua kuongea kuliko mimi.

Usihuzunike. Andika barua yako ya kuomba.

Baba yako,
Sylvanus


Utawani, Mpanda
25 Agosti 2024

Baba,

Tumsifu Yesu Kristu.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Mara nyingine nilianza kuijibu nikaacha. Baba mdogo Fabiani ninampenda, lakini hajaingia kanisani tangu harusi yake. Unataka asimame yeye anitoe, na wewe uko mzima, unaangalia mbegu?

Wewe ndiye uliyenifundisha ishara ya msalaba. Kama hutaki kunitoa, sema. Mimi siwezi kumwambia Mungu kwamba nimekuja kwa moyo wote na huku nyuma kuna mtu ananishikilia. Wenzangu watatu wameshaandika. Mimi sijaandika, na sitaandika. Tarehe thelathini Septemba nitapanda basi nirudi nyumbani. Shule yangu ya zamani wanasema watanipokea.

Jana nilimweleza Sista Libérate. Nilidhani atanisihi nibaki. Akaniuliza kama nimekuuliza sababu. Nikasema nimekuuliza, umenijibu mambo ya kilimo. Akasema, "Hukumuuliza sababu, ulimuuliza kosa lako. Muulize anaogopa nini."

Sidhani kama wewe kuna kitu unaogopa. Lakini nimeahidi kwamba nitauliza, basi ninauliza. Baba, unaogopa nini?

Specioza


Kasansa
20 Septemba 2024

Mwanangu mpenzi Specioza,

Barua hii ninampa Nkwabi, jirani yetu mfugaji, anayekuja Mpanda kesho kununua dawa za ng'ombe. Nimemwandikia asiiache getini, akupe mkononi. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla hujapanda basi.

Nimekudanganya. Hakuna mundu, hakuna kidole, na mtandao siku ya Pasaka ulikuwa mzuri kabisa.

Siku chache baada ya Jumatano ya Majivu nilianguka nikiwa ninafunga mlango wa kanisa. Ilikuwa presha, ikaleta kiharusi. Maiko na wenzake wakanipeleka hospitali huko huko Mpanda. Nililazwa siku tisa. Dirishani kwangu nilikuwa ninaona masista wakipita barabarani, na kila mmoja nilidhani ni wewe. Mama yako alitaka kukuita. Nikamkatalia kwa kichwa, kwa sababu niliona utaacha kila kitu uje uniuguze. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba sikutaka unione.

Mguu wa kulia umerudi, ninauburuza kidogo. Mkono bado. Mdomo umepinda na ulimi umekuwa mzito. Akili yangu ni nzima, maneno yote yapo, ila yakitoka yanatoka kama ya mlevi. Wiki moja kabla ya Pasaka nilikwenda mnadani Majimoto kununua kamba. Nikamwambia muuzaji ninachotaka. Akanijibu, "Mzee, nenda ukalale, pombe ikikutoka ndiyo uje." Watu wakacheka. Mmoja alikuwa ananijua, akasema kumbe katekista naye siku hizi anakunywa. Mwanangu, mimi sijawahi kuonja pombe tangu nipewe kazi hii. Nilirudi nyumbani bila kamba, na tangu siku hiyo nikafunga mdomo. Nyumbani ninaandika kwenye daftari, mama yako anasoma. Wewe ulipopiga simu niliishika, nikasikia shikamoo yako, nikajaribu kufungua mdomo, nikashindwa. Nikakata mwenyewe.

Na jambo baya kuliko hayo ni hili. Nimewaambia watu miaka yote kwamba Mungu hamwachi mnyonge. Nimesema hayo kwenye misiba, kwa wagonjwa, kwa akina mama waliofiwa na watoto. Ilipofika zamu yangu nikagundua kwamba mimi nilikuwa ninamtegemea Mungu na sauti yangu pamoja, na sauti ndiyo nilikuwa nimeiegemea zaidi. Sikuweza hata kusali. Nilikuwa ninakaa kanisani peke yangu asubuhi nikiangalia ukuta. Nilimwandikia Padri Ponsian kwamba ninaacha ukatekista. Hakunikubalia, akasema tu kalamu yangu ina hasira, atangoja.

Ulipouliza ninaogopa nini, nilikuwa nimekwisha kukuandikia tena mambo ya shamba. Karatasi ile mama yako amewashia moto.

Sasa sikiliza kilichotokea. Jumanne ya tarehe tatu mwezi huu, saa tisa mchana, Nkwabi alikuja na baiskeli. Unamkumbuka mama yake, Bibi Minza, yule mzee wa Kisukuma anayekaa benchi la mbele. Alikuwa mgonjwa sana, hali chakula siku ya nne, na alikuwa anaomba ubatizo. Padri alikuwa kwenye semina, simu yake haipatikani. Nikaandika kwenye daftari: aende kwa Maiko. Nkwabi akasema Maiko amesafiri. Nikaonyesha mdomo wangu. Akaniangalia, akasema, "Katekista, mama yangu ni kiziwi. Hajawahi kukusikia hata siku moja. Twende tu."

Mwanangu, nilikaa chini. Miaka kumi na moja bibi yule amekaa mbele yangu akinitazama mdomoni, nami nilidhani ni kwa sababu ninahubiri vizuri.

Nkwabi akanipakia nyuma ya baiskeli akaisukuma kwenye majaruba ya mpunga yaliyokauka mpaka kwake. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Bibi alikuwa amelala kwenye ngozi, macho wazi. Wakaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki. Unajua kwamba ubatizo hauandikwi kwenye daftari. Lazima maneno yatamkwe. Nikashika kikombe kwa mkono wa kushoto, maji yakanimwagikia kwenye viatu. Nikamwambia Mungu moyoni kwamba mimi sina kitu, kazi hii ni yake, kama anaitaka aifanye. Ilikuwa sala yangu ya kwanza tangu Februari. Ndipo nikakumbuka kwamba hatukuchagua jina. Jina lililonijia ni lako, kwa sababu ndilo nililokuwa ninajizoeza kulitamka peke yangu asubuhi kule kanisani, na ni gumu, mwanangu, sijui kwa nini tulikuchagulia jina lenye kona nyingi namna ile. Nikalisema. Nikasema na maneno yote ya ubatizo, pole pole, yamepinda yote. Hakuna aliyecheka. Wakwe zake wakaitikia amina.

Bibi akauliza kwa sauti kubwa, kama wanavyoongea viziwi, "Imeisha?" Nikamwitikia kwa kichwa. Akasema, "Mbona fupi? Jumapili huwa unaongea mpaka miguu yangu inakufa ganzi."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti yangu hii hii mbaya, na nyumba yote ikacheka na mimi.

Lakini nilirudi na hofu. Je, kama maneno hayakueleweka, mwanamke yule amebatizwa kweli? Padri aliporudi nilimfuata, nikamweleza kwa mdomo, mara ya kwanza. Akasikiliza bila kunikatiza, akaniuliza kama nilikuwa ninataka kufanya kile Kanisa linachokifanya. Nikasema ndiyo. Akauliza kama maji yalimgusa kichwani. Nikasema yalimgusa kichwani, na mimi viatuni. Akasema, "Basi ni Mkristo. Mungu hakukuomba lafudhi." Akafungua daftari la ubatizo akaandika mbele yangu: Specioza Minza.

Jumapili iliyopita bibi alikuja ibadani kwa miguu yake, akakaa benchi lile lile. Maiko alihubiri. Mimi nilisoma maombi ya waamini, yote, na ilichukua muda. Watu walingoja.

Nilichokuwa ninaogopa ni hicho kusimama mbele ya Mama Mkuu na watu wote, na wewe, halafu nijibu wadhani unatolewa na mlevi. Bado ninaogopa, sitakudanganya tena. Lakini nitakuja. Nitajibu mwenyewe, kwa mdomo nilio nao. Kama bado unataka.

Ninakutoa kwa moyo wote. Nilikuwa nimekutoa tangu siku ile kwenye basi. Nilikaa kimya siku ile kwa sababu nilikuwa ninajizuia kulia.

Nisamehe.

Baba yako,
Sylvanus


Utawani, Mpanda
26 Septemba 2024

Baba yangu,

Tumsifu Yesu Kristu.

Nkwabi alifika tukiwa tunalisha kuku. Alikataa kumpa Sista wa getini barua yako, wakabishana mpaka nikaitwa. Nikaisomea pale pale nyuma ya banda. Nililia, halafu nikafika kwa Bibi Minza na miguu yake, nikacheka mpaka kuku wakakimbia. Halafu nikakasirika. Siku tisa, baba! Hospitali ile ninaweza kuifikia kwa miguu kabla chai haijapoa. Wewe na mama mtanilipa hizo siku tisa, sijui kwa namna gani.

Begi langu lilikuwa limefungwa. Nimelifungua. Jioni ile niliandika barua ya kuomba nadhiri, ukurasa mmoja, nikampelekea Mama Mkuu mwenyewe. Sista Libérate alinikuta kwenye ngazi nikirudi. Akanipa jembe twende bustanini.

Na mimi nikwambie yangu. Barua zangu zilikuwa na furaha zaidi yangu mimi. Mwaka huu sala zimekuwa kavu, nilikuwa ninapiga magoti tu. Nilikuwa ninasema moyoni, si kitu, baba yangu anaamini, nitashika pindo la imani yake. Ndiyo maana kimya chako kiliniangusha vile. Kumbe wakati ninakushika wewe, nawe ulikuwa umekaa unaangalia ukuta. Nilipolisoma hilo nilitegemea kuogopa. Badala yake nimepumua. Kama Mungu alikushika wewe hapo, basi na mimi hajaniacha.

Sista ameniruhusu kukupigia Jumapili saa nane. Tafadhali, baba, pokea wewe. Sema chochote. Hata nisipoelewa, nitakuwa ninakusikia.

Mwanao,
Specioza


Kasansa
15 Desemba 2024

Sista Specioza, mwanangu,

Milele amina. Mama yako amesema sasa nikuite Sista. Nimeandika, lakini mkono umeshangaa.

Tulifika salama. Ninataka nikueleze upande wangu wa siku ile, maana wewe ulikuwa umepiga magoti umenipa mgongo, na baada ya misa kulikuwa na pilau na watu, hatukuongea vya kutosha.

Mama yako alikuwa amenikataza maneno marefu, maana alinisikia nikihangaika kwenye simu yako ile ya Jumapili. Aliniambia, sema ndiyo, ukae. Na mimi nilikuwa nimekubali. Wale wazazi watatu walijibu ndiyo, safi kabisa, wakakaa. Nikasimama mimi. Mama Mkuu akaniuliza. Nikasema jibu langu, na lilikuwa refu kuliko ndiyo. Hakulielewa. Akasogea akasema samahani baba, rudia. Nikaona watu wanageuka, mmoja akamnong'oneza mwenzake. Nikangoja ile aibu ya mnadani ije. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili yake tangu tupande basi. Haikuja, mwanangu. Nikarudia pole pole, naye akanitazama usoni mpaka nikamaliza, akasema amesikia.

Baba yako mdogo Fabiani ananiuliza mpaka leo nilisema nini. Nilisema, "Ndiyo, kwa hiari. Na ninaomba radhi nimechelewa kujibu."

Niliona mabega yako yakitikisika, nikajua wewe umeelewa.

Padri Ponsian hajaikubali barua yangu ya kuacha kazi. Ninafundisha darasa la ubatizo la watu wazima, kumi na wawili, na saba ni wa familia za wafugaji. Mahubiri ni ya Maiko. Mimi ninauliza maswali, wao wanajibu, wakiwa hawakunielewa wananiambia nirudie. Daktari anasema ulimi unaweza kuwa mwepesi zaidi, au ubaki hivi hivi. Ninameza dawa za presha kila asubuhi, mama yako anasimama hapo hapo mpaka nimeze. Usiku ninalala.

Mvua zimeanza vizuri. Ubaki na amani.

Baba yako,
Sylvanus

Mwanangu, ni mimi mama. Nimemnyang'anya kalamu. Hajakwambia ya kwenye basi la kurudi. Tulipopita hifadhini baada ya Sitalike, tembo walifunga barabara, tukasimama karibu saa nzima. Baba yako akaanza kuongea na kijana wa kiti cha pembeni, hawajuani kabisa. Akamweleza habari za nadhiri, za kiharusi, za Bibi Minza, mpaka tumefika Kibaoni. Yule kijana alipoteremka akaniuliza kwa upole, mama, mzee alikuwa anasema nini? Tangu siku hiyo hanyamazi. Anaongea na fundi baiskeli, anaongea na mbuzi. Mimi sehemu nyingine simwelewi, ninaitikia tu. Anajua kwamba simwelewi, na anaendelea. Karibu miezi sita nilikaa na daftari ndani ya nyumba hii. Acha aongee.

Mama yako,
Marsela